Anayeamka kabla ya mwendesha baiskeli

Saa kumi na moja alfajiri mwezi Desemba, mji wa Delft bado uko katikati ya usiku. Kule Uholanzi jua la mwezi huo huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na ikifika saa kumi na nusu jioni limeshazama. Nilikuwa nimekesha nikijisomea mtihani, nikasikia mngurumo chini ya dirisha. Nikafuta ukungu kwenye kioo, nikachungulia.

Kilikuwa kitrekta chembamba, taa ya njano ikizunguka juu yake. Mbele kilikuwa na brashi ya duara inayofagia theluji, nyuma tangi linalomwaga maji ya chumvi. Mtaa wa magari pembeni ulikuwa bado mweupe, haujaguswa. Kitrekta kile kilikuwa kinafagia njia ya baiskeli.

Nilikuwa nimefika miezi mitatu kabla, kusomea mambo ya maji katika chuo cha IHE, ambacho tangu 1957 kimekuwa kikipokea wahandisi kutoka nchi nyingi, zetu zikiwemo. Kwa miezi hiyo mitatu niliamini kwamba Waholanzi wameumbiwa baridi. Nilimwona bibi wa miaka sabini na ushei akikata upepo na kapu la mboga mbele, nikamwona mama na watoto wawili juu ya baiskeli moja, mvua ikiwachapa, nikasema hawa wana damu nyingine. Jibu nililolitafuta kwenye damu yao lilikuwa linapita chini ya dirisha langu kila alfajiri yenye barafu, nami nimelala.

Upepo wa kujitengenezea

Baridi ya juu ya baiskeli si ile ya kukaa barazani ukajifunika shuka. Mwendeshaji hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Hewa ikiwa nyuzi sifuri nawe unakwenda kilomita 20 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi tano chini ya sifuri, na hapo upepo wa Bahari ya Kaskazini haujaongeza wake. Mvua nayo huja ya ubavu. Inaingia shingoni, inashuka mgongoni, lakini mapaja ndiyo hulowa kwanza, maana ukikanyaga pedeli yanalala mbele kama meza. Vidole hufa ganzi hadi ufunguo wa kufuli unakushinda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvaa masweta matatu chini ya koti. Dakika ya kumi nilikuwa nimelowa jasho, na jasho likikupoea mwilini ni baya kuliko mvua. Nikajifunza kutoka nyumbani nikisikia baridi kidogo, kuziba upepo kwa koti moja jepesi la juu, na fedha kidogo niliyokuwa nayo nikainunulia glovu na suruali ya mvua.

Baiskeli nayo huteseka. Rimu ikilowa, breki za mpira huchelewa kushika; ndiyo maana baiskeli nyingi za kule husimamishwa kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume, breki ikiwa imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ambako maji hayafiki. Chumvi ya njiani hula cheni, usipoifuta na kuipaka mafuta inashika kutu. Tairi hupunguzwa upepo kidogo ili likae kwa upana chini. Madigadi hayawekwi kwa urembo: yakikosekana, tairi la nyuma linakuchora mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni.

Sakitu darajani

Aliyenifundisha habari za madaraja ni dada mmoja wa Makete, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, aliyenitangulia chuoni mwaka mmoja. Kwao, Juni na Julai, sakitu huunguza viazi shambani, kwa hiyo alipoikuta kwenye majani ya Delft aliitambua, akaiita kwa jina lake.

“Mdogo wangu,” aliniambia, “asubuhi ukiona majani yamekuwa meupe, ukifika darajani usishike breki wala usikate kona. Iache baiskeli ijipitie.”

Nilisahau siku moja tu. Delft ni mji wa mifereji, na vidaraja vyake vimebinuka kama mgongo wa kobe. Usiku ardhi hubaki na joto lake, lakini daraja hupozwa na hewa juu na chini, hivyo hugandiwa na barafu mapema kuliko barabara. Nilishika breki nikiwa pale juu kabisa. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka shavu langu juu ya matofali, na gurudumu likiendelea kuzunguka karibu na sikio, tik, tik, tik. Watu wawili walishuka kwenye baiskeli zao. Mmoja aliniinua, mwingine alilibana gurudumu la mbele kwa magoti, akaunyoosha usukani uliopinda, akanikabidhi baiskeli.

Goti lilivimba wiki nzima. Kidaraja kile kilikuwa cha uchochoroni. Kitrekta hakikuwa na zamu huko.

Njia haikuota yenyewe

Ni rahisi kudhani kwamba Uholanzi ilizaliwa na njia za baiskeli. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yalijaa, na mwendesha baiskeli akasukumwa pembeni kama kwingineko. Mwaka 1971 pekee, ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani. Vuguvugu lao liliitwa Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaziona barabara zao zikiwa tupu.

Katika miaka ya 1980 Delft ikawa mji wa kujaribia. Hawakujenga njia moja ya kuzinduliwa kwa utepe. Walisuka mtandao wa ngazi tatu: wa mji mzima, wa wilaya zake, na wa mtaa kwa mtaa, wakaziba pengo moja baada ya jingine kwa madaraja na njia za chini. Walifikiri kama wavuvi: wavu ukikatika mahali pamoja, samaki hutokea papo hapo.

Kisha ikabaki kazi ya kila msimu, ile ya kitrekta. Kwenye barabara kuu, magari husaga chumvi kwa uzito wao hadi barafu inayeyuka. Baiskeli ni nyepesi, haisagi kitu. Ndiyo sababu ya kufagia kwanza, kisha kumwaga maji ya chumvi.

Anayedhani kwamba ni suala la ukali wa baridi, atazame Oulu, kaskazini mwa Ufini, kama kilomita 170 kutoka mstari wa Aktiki. Huko watoto huenda shule kwa baiskeli hata kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri. Theluji hawaiondoi yote. Huishindilia ikawa sakafu ngumu, wakaikwaruza na kumwaga kokoto ndogo ili tairi lishike. Mwaka 2013 mji huo uliandaa kongamano la kimataifa la baiskeli za majira ya baridi.

Masika yetu

Nimerudi Dar es Salaam, mji usioijua sakitu. Lakini una masika. Mradi wa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, ulileta njia ya baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Mvua ikinyesha, mtaro ulioziba hutapika maji na taka juu yake. Maji yakikauka mchanga unabaki, na penye mchanga tairi huteleza sawasawa na kwenye barafu. Mwenye baiskeli huhamia katikati ya malori.

Masika moja nilimwona mlinzi pale Jangwani, Mto Msimbazi umefurika. Alikuwa anatoka lindo, au anakwenda, sikumuuliza. Sare ameitia kwenye kiroba na kukifunga kichwani, baiskeli iko begani, maji yako magotini, na anapapasa kwa mguu kabla ya kila hatua kwa sababu haoni mtaro ulipo. Waliokuwa ndani ya basi walimpigia makofi.

Alistahili, lakini makofi hayazibui mtaro. Hatuna haja ya kuagiza vitrekta vya Delft. Koleo tunazo, toroli tunazo, na vijana wa kuzishika wapo. Kinachokosekana ni jina la mtu kwenye karatasi ya zamu ya manispaa: huyu, kipande hiki, kila alfajiri ya masika.

Mwenye baiskeli huamka saa kumi. Anahitaji mtu mmoja aliyeamka saa tisa.