Kusimulia Upya si Kurudia: Funzo la Lwanda Magere

Wapenzi wa sinema wana ubishi mmoja usiokwisha. Kwa nini sinema ya shujaa ambaye kila mtu anamjua hutengenezwa upya? Na ikishatengenezwa, ni kitu gani kinachoifanya ipendeze kuliko ya kwanza, au ishindwe kabisa? Ubishi huu si wa Marekani peke yake. Hapa Kisumu nimeusikia katika vibanda vya video, na nimeusikia kwa vijana wanaongoja samaki wao wakaangwe ufuoni Dunga. Mmoja humtetea Batman wa zamani, mwenzake humtetea wa sasa, na soda hupata moto mezani kabla hawajaafikiana.

Kwa maoni yangu, jawabu la swali hili halihitaji kutafutwa mbali. Watu wa ufuo wa ziwa hili walikuwa na shujaa wao wa ajabu kabla sinema haijavumbuliwa, nao wamemsimulia upya mara nyingi kuliko Wamarekani walivyowasimulia wao. Shujaa huyo ni Lwanda Magere wa Kano. Lakini kwanza yafaa tuzitazame hizo sinema zenyewe, kwani zina mambo ya kutufunza.

Tuanze na Batman. Mwaka 1966 aliigizwa na Adam West, na sinema ile ilikuwa ya kuchekesha. Mwaka 1989 mwelekezi Tim Burton akamvika giza na huzuni, watu wakashangilia. Kufikia mwaka 1997, katika sinema iliyoitwa Batman & Robin, mzaha ulikuwa umerudi kwa wingi hata waliomtazama wakachoka naye. Ndipo mwaka 2005 Christopher Nolan alipoanza upya kabisa na Batman Begins. Hakumwongezea shujaa nguvu wala hakumbadilisha jina. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo waliomtangulia walilipita haraka: mtu tajiri, mwenye nyumba na watumishi, anasukumwa na nini hata avae kinyago na kuzurura usiku? Jibu lake lilikuwa hofu: mtoto aliyeogopa popo, na aliyewaona wazazi wake wakiuawa. Mambo hayo yalikuwamo katika hadithi tangu zamani. Nolan aliyachimba tu.

Sasa tazama mfano ulio kinyume chake. Spider-Man wa Sam Raimi alitoka mwaka 2002, akapendwa sana. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 2012, ikaletwa The Amazing Spider-Man, na mtazamaji akalazimika kumwona tena kijana yuleyule akiumwa na buibui, na mjomba yuleyule akifa. Waigizaji hawakuwa wabaya, lakini habari ilikuwa moto wa jana uliopulizwa tena. Wale waliomchukua shujaa huyo mwaka 2017 walitumia akili. Waliyaruka ya buibui na mjomba, wakaanza pale tusipopajua.

Hivyo basi tumepata kanuni mbili. Ya kwanza, msimulizi asiung'oe uti wa mgongo wa hadithi. Ya pili, asitufundishe tunayoyajua. Atuonyeshe lile lililokuwa limefichika ndani yake.

KANUNI YA TATU

Kanuni ya tatu imo katika sinema iliyotugusa sana sisi wa Kisumu. Februari 2018, Black Panther ilipoanza kuonyeshwa, mji huu uliipokea kwa shangwe, kwani mmoja wa waigizaji wake, Lupita Nyong'o, ni binti wa Profesa Peter Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017. Watu walifurahia sura za Kiafrika, mavazi ya Kiafrika, na mfalme asiyemwomba Mzungu ruhusa.

Lakini mimi nilivutiwa zaidi na kazi iliyofanywa na mwelekezi Ryan Coogler juu ya maadui wa mfalme huyo. Hadithi ya T'Challa ilianza mwaka 1966 katika vitabu vya picha vya Stan Lee na Jack Kirby. Baadaye, katika vitabu vya picha, akatokea mtu aitwaye M'Baku, naye alivikwa ngozi ya sokwe na kuitwa mtu-nyani. Fikiria jambo hilo, Mwafrika kuitwa nyani! Coogler hakumfuta M'Baku. Alilitupa lile jina la aibu, akamfanya chifu wa watu wa milimani, mwenye majivuno, mcheshi, na aliyemwokoa mfalme wakati wa taabu. Aidha, adui mkubwa, Killmonger, alipewa kisa kinachouma. Ni mtoto wa nasaba ya kifalme, baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe, naye akaachwa yatima huko Oakland. Mtazamaji anatoka katika jumba la sinema akijua kwamba Killmonger alikosea, lakini hawezi kusema kwamba hakuwa na sababu.

Kanuni ya tatu basi ni hii: masimulizi mapya huyapita ya zamani pale yanapompa utu yule ambaye masimulizi ya zamani yalimnyima.

JABARI WA MWILI WA JIWE

Turudi sasa nyumbani. Katika Kijaluo, neno lwanda maana yake ni mwamba. Lwanda Magere, wazee husimulia, alikuwa shujaa wa ukoo wa Sidho huko Kano, katika tambarare iliyo kati ya ziwa na milima ya Nandi. Mikuki na mishale ilimgonga na kuanguka chini, kwani mwili wake ulikuwa jiwe. Wanandi, waliokuwa wakipigana na Wajaluo kwa ajili ya ng'ombe na malisho, walishindwa naye kila mara. Wakafanya shauri la kumpa binti mzuri awe mkewe, ili apeleleze siri yake. Wazee wa Kano walimwonya asimchukue. Hakusikia.

Siku moja Lwanda Magere akaugua, akamtaka mke huyo amchanje chale ili dawa ipakwe. Wembe ukagoma kukata. Ndipo akamwambia akate kivuli chake. Kivuli kikatoka damu. Usiku yule mwanamke akatoroka kwenda kwao na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichoma kivuli. Jabari akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa hata leo karibu na mto Nyando, na inasemekana kuwa wawindaji walikuwa wakinolea mikuki yao hapo ili wapate bahati.

Msomaji wa pwani atamkumbuka mara moja Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru ila shaba kitovuni, na aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa. Habari zake zilikuwa zikisimuliwa vizazi kwa vizazi hata Muhammad Kijumwa alipozitungia utenzi mwaka 1913. Msomaji wa Biblia naye atamtaja Samsoni na Delila. Wote hao wana uti wa mgongo mmoja: nguvu isiyoshindwa, siri ndogo, na mkono wa mtu wa nyumbani. Lakini kivuli kina utamu wake. Nywele za Samsoni zaweza kunyolewa, na kitovu cha Liyongo chaweza kufunikwa. Kivuli hakifichiki. Kila mtu alikuwa akikiona, na hakuna aliyejua kuwa ndicho uhai wa mtu yule. Msimulizi atakayeacha kivuli ameacha hadithi yote.

OGANDA HAKUFA

Je, tunao wasimulizi wa namna hiyo hapa ziwani? Tunao. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo aliyefariki mwaka 2015, alikichukua kisa cha Oganda, binti wa chifu Labong'o, anayetolewa kafara kwa zimwi la ziwa ili mvua inyeshe. Alikitoa kwanza mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus, kisha mwaka 1968 kikaja kwa jina la The Rain Came katika kitabu chake Land Without Thunder. Humo watu wote wanamwimbia Oganda na kumsifu kwa kwenda kufa kwa ajili yao. Kijana mmoja tu, Osinda, anamfuata na kumtorosha. Wanapokimbia, radi inapiga na mvua inanyesha.

Zingatia hilo. Mvua imenyesha, na msichana hakufa. Mwandishi hakumtukana mganga wala hakuwakejeli wahenga. Mwisho huo tu unamwacha msomaji akijiuliza kama kafara ile ilihitajiwa tangu mwanzo. Mwaka 1983 aliendelea na kazi hiyo katika Miaha, aliyoiandika kwa Kijaluo. Basi ufundi wa kusimulia upya hatukuungojea kutoka Hollywood.

YULE BINTI WA KINANDI

Sasa nauliza: ni nani atakayemfanyia hivyo mke wa Lwanda Magere?

Swali hili si la burudani peke yake. Okoiti Omtatah alitoa tamthilia yake Lwanda Magere mwaka 1991. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Miteitei, wilayani Nandi, yakaenea katika mpaka huu, na watu waliokuwa wakiuziana maziwa na samaki wakachomeana nyumba. Damu ilimwagika tena baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Katika hali kama hiyo, hadithi ambayo ndani yake mwanamke wa jirani ni nyoka tu aliyeletwa kitandani haiwi hadithi ya watoto. Ipo siku mtu mzima huitumia kama ushahidi.

Wengi wetu tulifundishwa kumchukia mwanamke huyo. Ni haki tumtazame tena. Alikuwa msichana aliyetolewa na wazee wake, pengine bila kuulizwa, akapelekwa kuishi na mtu aliyewaua ndugu zake. Kama angekuwa wa kwetu, akaenda kwao na kurudi na siri iliyowaokoa watu wetu, je, tusingemtungia nyimbo? Wala Lwanda Magere hatapungua kwa swali hilo. Kinyume chake, atakua. Jabari aliyeangushwa na hila ya mwanamke ni jambo la kawaida. Lakini mtu wa jiwe aliyechoka kuwa jiwe, na ambaye katika ugonjwa wake alimwamini mtu mmoja, akamwonyesha mahali anapotokwa damu, huyo ni mtu wa kuliliwa.

Najua wako watakaosema kwamba huku ni kuharibu mila. Hofu yao ina msingi, kwani wako wanaobadilisha hadithi kwa kutaka sifa tu, wakatuletea jabari mwenye bunduki na miwani meusi. Hata hivyo, mila yenyewe haikuwa kitu kimoja. Msimulizi wa Ahero hakusimulia sawasawa na msimulizi wa Muhoroni, na kila nyanya alikuwa na mahali pake pa kushusha sauti. Mila ilihifadhi kivuli, wembe, jiwe na ile safari ya usiku. Mengine ilimwachia mwenye kusimulia.

Kazi hii inawangoja vijana wetu. Siku hizi kamera imo katika simu, na DJ Afro ameonyesha nchi nzima kwamba Mkenya aweza kuisimulia sinema ya kigeni kwa lugha yake hata ikawa kama ya kwetu. Walimu wanaotayarisha michezo ya mashindano ya shule nao wana nafasi. Ombi langu ni moja: atakayemchukua Lwanda Magere apande kwanza milima ya Nandi, aketi na wazee wa huko, awaulize binti yao alikuwa nani na walimpokeaje aliporudi usiku ule. Kisha ateremke Nyando aandike. Akifanya hivyo atapata hadithi ambayo mtoto wa Chemelil na mtoto wa Kapsabet wataweza kuitazama katika benchi moja, wala asiwepo wa kuinamisha uso.