Mteja Akitumbukia Kwenye Shimo Lako, Nani Analipa?

Leo tuache kidogo mbolea na viwavi. Msimu uliopita huko Mang'ola, mnunuzi wa vitunguu alikuja kuangalia mzigo kwa kijana mmoja ninayemtembelea. Akarudi nyuma hatua mbili huku akiongea na simu, akatumbukia kwenye shimo la pampu lililofunikwa na nyasi kavu. Mguu ukavunjika. Kijana akaniuliza, "Afisa, shamba lenyewe nimekodi. Si mwenye ardhi ndiye atalipa?"

Hapana. Sheria haiangalii sana jina lililoko kwenye hati. Inaangalia nani anaendesha eneo, nani anaita wateja waingie, nani anajua shimo liko wapi. Ukikodi ekari mbili ukachimba shimo, shimo ni lako. Mwenye ardhi anaweza kuguswa kwa sehemu ambayo bado iko mikononi mwake, mfano njia ya pamoja ya kuingilia. Na wengi wenu mnalima ya kukodi, kwa hiyo hapa msiruke.

Kenya wana sheria yao mahususi, Sura ya 34. Sisi huku Bara tunategemea zaidi kanuni za Uingereza tulizozipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kesi inayotajwa sana ni ya 1866: fundi wa gesi alitumbukia kwenye tundu lisilo na uzio ndani ya kiwanda cha sukari London, akashinda. Mahakama ilisema mtu aliyekuja kwa shughuli yenye faida kwako anastahili kulindwa dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo unaijua, au ulipaswa kuijua. Huyo ndiye mnunuzi wako, dereva wa fuso, na mtalii anayepita Karatu akielekea Ngorongoro na kulipia kuona kahawa yako.

Kibao kinasaidia kama mtu anakielewa na anaweza kuikwepa hatari. Kibao cha Kiswahili hakimsaidii Mjerumani. Na kuandika "hatuhusiki" halafu bwawa la turubai liko wazi, mimi nisingelitegemea hilo. Funika shimo kwa mbao imara, zungushia bwawa uzio, ning'iniza kamba ya kujiokolea, maana turubai linateleza na hata anayejua kuogelea anashindwa kutoka. Siku ya kupiga sumu usipokee wageni.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto anavutwa na maji, huwezi kujitetea kwamba hakualikwa wakati unajua kila jioni wanapita hapo. Hata mwizi hutegewi ruhusa ya kumtegea mtego. Wale mnaotega waya wa umeme wa moja kwa moja kuzuia nguruwe pori, acheni kabisa! Hapo mtu akifa unaweza kushtakiwa kwa jinai, siyo fidia tu.

Mfanyakazi wako akiumia kazini, njia yake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa hiyo jisajili kama mwajiri.

Yule kijana nilimwambia ampeleke mgeni hospitali, apige picha za shimo kabla hajalifukia, aandike majina ya walioshuhudia, kisha aende kuzungumza na familia mapema. Madai ya aina hii yana miaka 3 kufikishwa mahakamani, kwa hiyo ukimya wa miezi sita siyo kwamba yameisha. Na kama mgeni naye alizembea, mahakama inaweza kugawa lawama. Walielewana juu ya gharama za matibabu. Shimo sasa lina mfuniko wa chuma.