Jicho la Mtoto na Kauli ya Kitenzi: Ushawishi wa Picha, Lugha na Hisia katika Miito ya Kuchangia Watoto jijini Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna tovuti na vipeperushi vya taasisi za kulea watoto vinavyounganisha usanifu wa picha, uteuzi wa maneno na kauli za kitenzi ili kumshawishi msomaji atoe fedha. Kwa kurejelea Mwanza, hasa Nyakato na vitongoji vya barabara ya Musoma, yanaonesha kuwa hisia katika miito hiyo hujengwa kwa mbinu zinazoweza kuchambuliwa kiisimu. Hoja kuu ni kwamba sarufi ya Kiswahili humpa mtunzi wa mwito njia mbili: kumwonesha mtoto kama mtendwa asiye na ukoo wala sauti, au kumwonesha kama mshiriki katika malezi ya pamoja. Uchaguzi kati ya njia hizo una athari kwa heshima na usalama wa mtoto.

1. Utangulizi

Anayeingia Mwanza kwa barabara ya Musoma hupita Kisesa na Igoma, kisha hufika Nyakato, eneo la viwanda, karakana na maduka lililomo katika Manispaa ya Ilemela. Njia hii huwaleta jijini wafanyabiashara, wanafunzi na watafuta kazi kutoka mikoa jirani. Wamo pia watoto wanaofika bila mlezi. Mtoto wa aina hiyo hujulikana na hadhira mbili. Mama lishe, makondakta na majirani humjua kwa jina, kwa lafudhi na kwa kijiji alikotoka. Msomaji wa mbali humjua kwa picha na aya moja chini yake, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa lugha ya kigeni asiyoweza kuisoma bibi yake mtoto huyo.

Makala haya yanahusu kinachotokea baina ya hadhira hizo mbili. Mifano ya sentensi imetungwa kwa kufuata miundo iliyozoeleka katika miito ya aina hii, ili asitambulishwe mtoto yeyote wala isihukumiwe taasisi yoyote.

2. Mkabala wa uchambuzi

Aristotle alizigawa njia za ushawishi katika tatu: tabia ya msemaji inayomfanya aaminike, hisia anazoziamsha kwa msikilizaji, na hoja yenyewe. Katika mwito wa kuchangia watoto, tabia hujengwa kwa namba ya usajili, picha za wafanyakazi na taarifa za ukaguzi wa hesabu. Hoja hujengwa kwa takwimu. Hisia hujengwa kwa uso wa mtoto. Hata hivyo, njia hizi tatu hazigawiwi nafasi sawa. Uso hutangulia juu na takwimu hufuata chini, ilhali ukaguzi wa hesabu huachiwa ukurasa wake wa peke yake.

Kuhusu picha, Roland Barthes (1964) alieleza kwamba maneno yanayoambatana na picha huitia nanga maana yake, kwa kuwa picha peke yake ina maana nyingi zinazoelea. Kress na van Leeuwen (1996) waliongeza kwamba mtu anayetazama moja kwa moja kwenye kamera humdai mtazamaji jambo, ilhali anayetazama kando hutolewa tu ili atazamwe. Dhana hizi mbili, nanga na dai, zinatosha kwa uchambuzi wetu.

3. Jina kama ushawishi wa kwanza

Kabla ya picha, msomaji hukutana na jina. Mwanza ina mifano inayofaa kulinganishwa. Kuleana, shirika la haki za watoto lililoanzishwa jijini humo mwaka 1992, limejiita kwa kitenzi-jina chenye kauli ya kutendana. Mzizi -le- wa kitenzi lea umeongezewa kiambishi -an-, na matokeo yake ni kwamba hakuna mleaji upande mmoja na mlelewa upande mwingine. Kila mmoja ni mtenda na mtendwa. Cheka Sana, shirika linalofanya kazi na watoto wa mitaani, limetumia hali ya kuamuru katika umoja, na anayeambiwa acheke ni mtoto mwenyewe. Upendo Daima ni nomino na kielezi bila kitenzi: hali inatajwa pasipo kumtaja mtenda. Forever Angels, jina la kituo cha watoto wachanga, ni la Kiingereza, na hadhira yake ya kwanza hubainika katika lugha yenyewe.

Majina haya hayapimi ubora wa kazi ya taasisi. Yanachokiweka wazi ni uhusiano unaopendekezwa kwa msomaji: kuleana humwalika katika wajibu wa pande zote, amri ya kucheka humweka mtoto katikati ya sentensi, na nomino dhahania humwachia msomaji nafasi ya kujijaza yeye kama mtenda.

4. Usanifu: uso mmoja, kiasi kimoja, kitufe kimoja

Mwito uliosanifiwa vizuri hupunguza. Huonesha mtoto mmoja badala ya kundi, macho yake yakiwa usawa wa macho ya mtazamaji. Mandhari ya nyuma hufifizwa, na kwa kufifizwa huko hutoweka shangazi aliyesimama mlangoni, duka la jirani na shule iliyo ng'ambo ya barabara. Rangi kali huhifadhiwa kwa ajili ya kitufe cha kuchangia, ili jicho likitoka usoni lisipate pengine pa kutua. Viwango vya fedha hupangwa kama ngazi, na kila kipandio hupewa kitu kinachoshikika: madaftari, sare, neti ya mbu. Mchangiaji hahisi kwamba anatoa fedha. Huhisi kwamba anakabidhi daftari.

Nguvu ya uso mmoja imethibitishwa kwa majaribio. Small, Loewenstein na Slovic (2007) waliwapa washiriki dola 5 kila mmoja na kuwaomba wachangie shirika la watoto. Waliosoma habari za msichana mmoja wa miaka saba wa Mali walitoa wastani wa dola 2.38, waliosoma takwimu za njaa walitoa dola 1.14, waliopewa msichana na takwimu pamoja walitoa dola 1.43. Matokeo ya kundi la tatu ndiyo yenye funzo zaidi. Maelezo ya sababu za tatizo hayakuongeza huruma, yaliipunguza. Ndiyo maana mtunzi wa mwito huvutwa kuyaondoa, na ndipo gharama ya kimaadili inapoanza: kinachomfanya mtoto asaidiwe haraka ndicho kinachomwondoa katika ukoo, mtaa na historia yake.

5. Sarufi ya huruma

Nanga inayoifunga picha hiyo ni sentensi. Mambo manne yanastahili kuangaliwa.

Kwanza, nafsi na idadi. Mwito husema "Msaidie mtoto huyu", si "Wasaidieni watoto". Anayeamriwa ni mmoja, anayesaidiwa ni mmoja. Wingi wa -ni, uliozoeleka katika matangazo ya ibada na mikutano ya kijiji, huugawa wajibu kwa wote. Umoja huubebesha mtu mmoja aliye peke yake mbele ya kioo cha simu.

Pili, kionyeshi. "Huyu" ni cha karibu. Mtoto aliye Nyakato na msomaji aliye Ulaya hutenganishwa na maelfu ya kilomita, lakini kionyeshi huwaweka chumba kimoja. "Yule" angebaki mbali.

Tatu, kauli ya kitenzi. Linganisha "mtoto anateseka" na "mtoto ametelekezwa". Kuteseka ni kauli ya kutendeka: mateso yapo, lakini sarufi haidai mtesaji. Umaskini, ugonjwa na kodi ya chumba iliyopanda havina mahali pa kuingia katika sentensi hiyo. Kutelekezwa ni kauli ya kutendwa: mtenda yupo, ila amefichwa, na msomaji humjaza mwenyewe. Kwa kawaida humjaza mzazi. Mama aliyehama kisiwa kwa kisiwa akifuata kazi ya dagaa huhukumiwa na kiambishi -w- pasipo kutajwa wala kuhojiwa.

Nne, nomino. "Mtoto wa mtaani" hutumia kihusishi cha umilikaji, kana kwamba mtaa ndio uliomzaa. "Mtoto anayeishi mtaani" hueleza hali inayoweza kukoma. "Yatima" nalo ni neno zito. Katika fikihi ya Kiislamu humhusu mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe, na huandamana na wajibu mkubwa wa kulinda mali yake. Katika miito huenezwa kwa kila anayelelewa kituoni. Save the Children (2009) ilieleza kuwa angalau watoto wanne kati ya watano waliomo katika taasisi za malezi duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Neno moja, basi, linaweza kumfisha mzazi aliye hai.

6. Mchango na mwenye kuonekana

Kiswahili kina utamaduni wake wa kuchangisha. Kitenzi changia kimetokana na changa kwa kauli ya kutendea, na huishi katika michango ya harusi, misiba na ada za shule. Katika michango hiyo jina la mtoaji husomwa, kiasi hukumbukwa, na mpokeaji wa leo ni mtoaji wa kesho: watu huchangiana. Methali kutoa ni moyo, usambe ni utajiri huhimiza utoaji bila kumdhalilisha anayepewa, kwa sababu mpokeaji hubaki mwenye jina na deni la heshima.

Mwito wa picha huvunja mzunguko huo. Mtoaji huona asionekane. Mtoto huonekana asione. Kilichotoweka ni kiambishi -an-.

Mwanza iliwahi kulijadili suala hili hadharani. Filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare (2004), iliyopigwa jijini humo kuhusu biashara ya sangara, iliwaonesha pia watoto wa mitaani na mabaki ya samaki yaitwayo mapanki. Ilisifiwa Ulaya na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Nchini, Rais Jakaya Kikwete aliilaani mwaka 2006 na wakazi wa Mwanza waliandamana kuipinga. Haikuwa mwito wa kuchangia, na mtu anaweza kuitetea au kuikataa, lakini mjadala wake ulidhihirisha kwamba wanaooneshwa nao ni wasomaji wa picha zao, na husoma tofauti na hadhira ya mbali.

Sheria inaelekea upande huohuo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 16, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ibara ya 10, hulinda faragha ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 huweka mbele maslahi yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka masharti ya kukusanya na kutumia taarifa za mtu. Sababu ya ulinzi huu ni rahisi: mtoto hukua, picha haikui. Msichana aliyepigwa picha akilia akiwa na miaka sita atatafuta kazi au mchumba akiwa na miaka ishirini na minne, na ukurasa ule unaweza kuwa bado upo.

7. Hitimisho

Haifai kuhitimisha kwamba hisia ni udanganyifu. Mtoto mwenye njaa anastahili kuhurumiwa, na taasisi isiyopata fedha hufunga milango yake. Hoja ni kwamba huruma ina sarufi, na sarufi huchaguliwa. Mtunzi wa mwito anaweza kuandika "anayeishi mtaani" badala ya "wa mtaani", kumtaja mlezi aliyepo, kueleza sababu kwa kitenzi chenye mtenda, kutumia mchoro pale picha inapohatarisha, na kuandika toleo la Kiswahili ambalo mtoto na ndugu zake wanaweza kulisoma na kulikataa. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni hicho cha mwisho: mwito usomwe kwa sauti Nyakato, mbele ya wanaomjua mtoto kwa jina, kabla haujatumwa kwa wanaomjua kwa uso.