Kilio cha Mlangoni mwa Chekechea

Aghalabu mzazi anapomwandaa mwanawe kwa siku ya kwanza ya chekechea, humshonea sare, humnunulia begi lililo kubwa kuliko mgongo wake, na kumkaririsha herufi na hesabu hata asinzie juu ya daftari. Kisha inapofika asubuhi yenyewe, mtoto huyo huyo aliyehesabu hadi hamsini bila ya kukwama hung'ang'ania kanga ya mamake mlangoni na kulia kilio cha kuamsha mtaa. Mama hushikwa na haya, na majirani hawakosi kusema kuwa mtoto kadekezwa. Wataalamu wa elimu ya nafsi wana hukumu nyingine juu ya kilio hicho, na sehemu azizi ya ushahidi wao ilipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki, katika vijiji vya Buganda.

Mwaka 1954 Mary Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby, alifika Kampala kwa kumfuata mumewe aliyepata kazi huko, akaanza kuzuru vijiji vya jirani, akikaa na akina mama wa familia 26 na kutazama kwa subira watoto wachanga wafanyavyo mama aingiapo na atokapo. Aliona kwamba mtoto mwenye imani na mamake hutambaa mbali, akashika hiki na kuonja kile, maadamu mama yu mahala anapoweza kurejewa; na mama akiinuka kwenda zake, aghalabu uchunguzi hukoma na kilio huanza. Ama wale waliolia mara kwa mara hata mama akiwa karibu nao, hao ndio aliowahesabu kuwa pendo lao lina wasiwasi. Kwa hiyo machozi ya kuagana, yaliyodhaniwa kuwa ila ya malezi, yamkini yakawa dalili ya malezi mema. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967.

Mwili nao una ushahidi wake. Juu ya figo zetu zimekaa tezi mbili zitoazo homoni iitwayo kotisoli, ambayo hupanda alfajiri ili kutuamsha, hushuka kadiri siku inavyokwenda, na hofu ikituingia hupanda tena hata kama si wakati wake. Watafiti waliopima mate ya watoto 70 wa Berlin, wenye umri wa miezi 15 hivi, waliokuwa wakianza kulelewa kituoni, walieleza mwaka 2004 kwamba siku mama alipokaa na mtoto katika mahala pale pageni, watoto wenye pendo thabiti walikuwa na kotisoli ndogo kuliko wenzao. Lakini mama alipoondoka, homoni ilipanda kwa wote, hawa na wale. Watoto hao ni wadogo kuliko wa chekechea zetu, nami sitaki kuyavuta mambo kupita kiasi. Hata hivyo, dhahiri ni kwamba hakuna mtoto aliyelelewa vema hata asihisi kuachwa, na kwamba mahala pageni panapoonwa kwanza mama akiwapo hupungua ugeni wake.

Basi maandalizi yaliyo bora kuliko kukariri herufi ni kumpeleka mtoto shuleni kabla ya siku yenyewe, aone darasa, aone choo (jambo ambalo wazazi hulisahau na watoto hawalisahau), na amjue mwalimu kwa sura na jina. Kadhalika azoezwe kuachwa kwa bibi au kwa shangazi kitambo kidogo, kisha kitambo kirefu zaidi, apate kuona kwamba aendaye hurudi. Mtoto wa miaka minne hana habari na mshale wa saa. Aambiwe kwamba mama atakuja wakisha kunywa uji na kucheza, na mama aje hapo hapo. Alale mapema, kwani mwenye umri huo huhitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku nzima.

Kumtoroka mtoto akiwa amegeuza uso, ada iliyoenea mno, ni kosa: huokoa dakika moja ya machozi, lakini humfundisha kwamba mama aweza kutoweka wakati wowote, na mwenye kulinda mlango hawezi kucheza. Heri kuaga waziwazi, kwa maneno machache, na kwenda.

Shule nayo yaweza kupunguza ugeni huo. Mombasa, katika miaka ya 1980, shule za awali za madrasa zilizosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan zilichagua wanawake wa mitaa ile ile wakafunzwa ualimu, na vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vilivyopatikana papo hapo. Mtoto akakuta darasani lahaja ya nyumbani na vitu anavyovijua. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja: milango ifunguliwe juma la kwanza, na mzazi aruhusiwe kukaa nyuma ya darasa kwa saa moja au mbili, kisha apunguze siku kwa siku. Halihitaji fedha, wala halimzuii mwalimu kazi yake.