Kwa nini vipande vya balansi hubanduka kwenye rimu?

Umebalansi matairi wiki iliyopita, leo ukifika kilomita 100 kwa saa usukani unatetemeka. Huenda kipande cha uzito kimebanduka. Wengi watakwambia mwendo ndio umekirusha. Hebu tupige hesabu.

Chukua kipande cha gramu 30, kimebandikwa ndani ya rimu, sentimita 20 kutoka katikati, na tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 30. Kwa mwendo huo kani yake ni kama nyutoni 50, sawa na uzito wa kilo 5. Si mchezo! Lakini kwa kuwa kipande kinatazama ekseli, mzunguko unakigandamiza kwenye rimu, haukivuti.

Adui hasa ni uchafu. Gundi ikikuta vumbi la breki au grisi, inashika vumbi, haishiki rimu. Maji yakipenya pembeni, basi tena.

Kwa hiyo fundi aondoe gundi ya zamani, asugue, afute kwa spiriti, asubiri pakauke. Asiguse gundi kwa vidole. Kisha akandamize kwa nguvu sekunde kadhaa. Gundi huendelea kukaza siku moja hadi tatu, kwa hiyo usikimbilie kuosha gari kwa mashine ya presha.