Kuhara Damu: Si Kila Mara Ni Taifodi

Mtu akihara kwa siku kadhaa huko Kiogoro, nje ya mji wa Kisii, majirani hawakosi jibu: "Hiyo ni taifodi," au "Ni amiba." Dawa hununuliwa dukani na mambo yakaishia hapo. Lakini je, kuhara kukirudi kila mara, tena na damu, utafanyaje?

Fahamu kwamba yapo maradhi ya uvimbe sugu wa matumbo, ambayo hayaambukizi. Kolaitisi ya vidonda hushambulia utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la daktari Burrill Crohn aliyeueleza na wenzake huko New York mwaka wa 1932, huweza kutokea popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa. Kinga ya mwili, badala ya kumlinda mwenyewe, huushambulia utumbo wake.

Shida ni kwamba mgonjwa wa maradhi haya naye huingiwa na bakteria kama Salmonela, Shigela na Kampilobakta, na dalili hufanana kama mapacha. Yuko pia Klostridiamu difisile, anayestawi pale antibiotiki zinapoua bakteria wenye faida. Huyu huwashika upesi wenye uvimbe sugu. Ikidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa zamani tu umechachamaa, mgonjwa huongezewa dawa za kutuliza kinga ya mwili, na bakteria wakapata mwanya. Kifua kikuu cha matumbo nacho hufanana sana na Crohn.

Kwa hivyo, zingatia haya:

1. Choo kipimwe kabla ya kumeza dawa. Kipimo cha damu cha Widal pekee chaweza kukudanganya kuwa una taifodi.

2. Usinunue antibiotiki bila kuandikiwa na daktari.

3. Kama una uvimbe sugu, mweleze daktari, na usiache dawa zako kwa hiari yako.

4. Chemsha maji ya chemchemi na ya kisima. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwani spiriti haiui mbegu za Klostridiamu.

Ukiona damu, homa au unakonda, usingoje, nenda hospitali. Kuuliza si ujinga: mwambie daktari, "Nipime choo kwanza."