Kitaa Chekundu cha Luku

Tembea jioni Manyamanyama, hapa Bunda mjini, uzitazame luku, mita za umeme zilizofungwa ukutani. Kila moja ina kitaa chekundu kinachopepesa. Mtu akichomeka pasi kitaa kinashika kasi, na hapo utasikia, “Luku inakula!” Kweli inakula, ila kwa tonge. Matonge yote ni ya ukubwa mmoja. Pasi inaharakisha mkono tu.

Ukubwa wa tonge umeandikwa usoni mwa mita, kwenye namba inayofuatwa na imp/kWh. Mara nyingi ni 1000, ingawa zipo za 800, 1600 na 3200. Kwa mita ya 1000, kitaa kikipepesa mara 1000 umemaliza yuniti moja. Mpigo mmoja basi ni jouli 3,600: kiasi kile kile ambacho balbu ya zamani ya wati 60 ilikula kwa dakika moja.

Mita za zamani zilikuwa na kisahani cha aluminiamu kinachozunguka, na fundi alihesabu mizunguko. Mita ya leo hupima volti na mkondo mara nyingi kila sekunde, huvizidisha, kisha hutia jibu katika kibubu cha namba. Kibubu kikitimiza jouli 3,600, mita hupiga mpigo, huondoa kiasi hicho na kuendelea kujaza. Ziada haimwagwi. Ndiyo maana hata taa ya wati 10 haiponi: mpigo wake utachukua dakika 6, lakini utakuja.

Jaribu mwenyewe. Zima kila kitu, acha pasi iliyo katikati ya kupata moto, ushike simu yenye saa ya kupima sekunde. Mpepeso wa kwanza uite sifuri, kisha hesabu hadi 10. Zikipita sekunde 36, kila mpigo umechukua sekunde 3.6. Kwa mita ya 1000, gawa 3,600 kwa 3.6: wati 1000. Friji itakuchosha, maana kompresa yake huwaka na kuzima ipendavyo.

Viwandani, kama kwenye vinu vya kuchambua pamba, hakuna wa kukodolea macho kitaa. Mita za huko huwa na vituo viwili vidogo vya waya. Nyuma yake kimejificha kitaa kingine kinachomulika transista, nayo hufunga na kufungua njia mithili ya kidole kwenye kengele. Kinachovuka ni mwanga peke yake, hivyo umeme mkali haufiki kwenye kompyuta inayohesabu. Mtego uko kwenye transfoma za kupimia mkondo: zile za 200/5 hupunguza mkondo mara 40. Kama mita haijapangiwa uwiano huo na mhasibu akasahau kuzidisha, kiwanda kizima kitaonekana kinatumia umeme wa nyumba chache.

Kitaa hakikuwekwa kwa ajili ya kututia hofu. Wapimaji hukiwekea jicho la kielektroniki, wakalinganisha mipigo yake na ya mita ya kigezo.

Nawe ukiona hesabu yako inapishana na wati zilizoandikwa kwenye pasi, usikimbilie kulaumu. Pasi ya wati 1000 iliyoundwa kwa volti 230, ikipata volti 200 tu, hutumia takriban wati 756. Rudia usiku sana, watu wakiwa wamezima majiko na pasi zao. Tofauti ikibaki, nenda ofisi ya TANESCO na karatasi yenye tarehe, saa, idadi ya mipepeso na sekunde ulizohesabu.